Gurudumu la Tarakimu Sita

Kila mchana shule ilipotoka, Chapuchapu alirudi nyumbani kwa njia ile ile. Alipita kwa kinyozi, akapita duka la vitabu lenye mlango wa bluu, akakata kona penye bomba la maji, halafu akaiona karakana ya babu yake. Zamani alikuwa akiingia humo moja kwa moja, mkoba ukiwa bado mgongoni. Siku hizi alivuka upande wa pili wa barabara na kuipita huku akitazama viatu vyake.

Jina lake la Chapuchapu alipewa na mama yake, kwa sababu alifanya kila kitu mbio mbio. Alikula mbio, akaongea mbio, akaosha vyombo mbio hata ikabidi mtu avirudie nyuma yake. Hesabu ndizo alizokimbiza zaidi. Alikuwa darasa la sita, na mwalimu alipokuwa bado anaandika swali ubaoni, yeye alikuwa keshanyoosha mkono.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kilichoungana na nyumba yao. Mbele ilikuwa na mlango wa bati uliotazama barabara, na nyuma mlango mdogo wa mbao uliofungukia uani. Babu alikuwa fundi baiskeli. Ndani mlikuwa na beseni la maji la kutafutia pancha, minyororo iliyoning'inia kwenye misumari kama nguo zilizoanuliwa nusu, na harufu ya grisi iliyokuwa imeingia hadi kwenye mbao za meza. Juu ya meza hiyo Babu alikuwa amekaza uma wa baiskeli kuukuu, miguu juu. Gurudumu lililopinda liliwekwa humo, likazungushwa, na fundi akatafuta mahali linapoyumba ili akaze spoku hii na kulegeza ile.

Macho ya Babu yalipoanza kufifia, alibuni njia yake mwenyewe. Alikata kipande cha plastiki kwenye ndoo mbovu, akakifunga kwa waya kwenye ule uma, karibu sana na rimu bila kuigusa. Gurudumu lililonyooka lilizunguka kimya. Lililokuwa na kombo, kila pale penye kombo plastiki iliguswa ikasema: tk. Basi Babu akawa ananyoosha magurudumu kwa masikio. Alikuwa na sharti moja ambalo hakuliacha hata mteja akisimama mlangoni na haraka zake: hakusema gurudumu limenyooka mpaka lizunguke lote na kurudi kwenye tundu la valvu alikoanzia.

Babu alifariki mwanzoni mwa muhula. Baba aliufunga mlango wa bati kwa kufuli, na hakuna aliyetaka kuuliza utafunguliwa lini.

Lakini mchana mmoja, wiki chache baada ya mazishi, Chapuchapu alikuwa akipita pale na kufuli aliliona kwa macho yake likiwa limefungwa. Ndani, katika ule ukimya, akasikia: tk. Akasimama. Kitambo kikapita. Tk. Kitambo kingine, kirefu kidogo, kama cha gurudumu linalopunguza mwendo. Tk.

Alikimbia hadi nyumbani akaingia chumbani bila kuvua viatu. Kesho yake akalisikia tena, na siku iliyofuata. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kuanzia wapi? Kwa sababu alijua ni gurudumu gani lile, na alijua lilikuwa linamdai nini.

Ilikuwa hivi. Babu alipokuwa mgonjwa, kabla hajashindwa kabisa kuketi, alimwita Chapuchapu karakanani. Alikuwa amechukua gurudumu moja la mbele lisilo na tairi, na kwa rangi nyekundu amechora tarakimu sita kuzunguka rimu, kila baada ya spoku sita tarakimu moja: 1, 4, 2, 8, 5, 7. Akamwambia azisome kama namba moja. Chapuchapu akaisoma upesi: laki moja arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Babu akamwambia aende akaizidishe kwa mbili, kisha kwa tatu, hivyo hivyo mpaka saba.

"Usiruke hata moja," alisema. "Ukifika saba, njoo uniambie umeona nini."

Chapuchapu aliketi kizingitini na kipande cha penseli. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba. Alizidisha kwa mbili, akapata 285,714, wala hakuitazama mara ya pili. Namba ndefu, jua zuri, kamba inapiga chini pa, pa, pa. Akarudi ndani.

"Nimefika saba, Babu."

"Umeona nini?"

"Nimeona namba kubwa kubwa tu."

Babu alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Haya, mama. Asante." Akageuka akalirudisha gurudumu lake kwenye ule uma. Chapuchapu akaenda kuruka kamba. Kabla wiki haijaisha, Babu hakuwepo tena.

Sasa lile jambo dogo lilikataa kubaki dogo. Usingizini namba ile ilimjia ikiwa nyekundu. Darasani alipozidisha chochote aliona rimu inazunguka, akapoteza hesabu katikati, akafuta, akaanza upya. Mkono wake ulikuwa hauinuki tena. Rafiki yake waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima, alimtania kwamba sasa jina limemkataa, itabidi aitwe Polepole. Zamani Chapuchapu angemjibu. Safari hii alikunja midomo tu, na Redio mwenyewe akanyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Jumatano jioni, wakiwa mezani, Baba alisema amepata mpangaji wa karakana, fundi viatu. Jumamosi atakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, achukue kila kilichomo. Mama aliuliza kama na vile vitu vya kwenye meza. Baba akasema, kila kitu, vyuma ni vyuma. Bibi, mjane wa Babu, alikuwa anakusanya makombo ya mkate kwa ncha ya kidole, akiyapanga pembeni ya sahani yake.

Gurudumu lile likiondoka litakatwa vipande, na pamoja nalo pataondoka mahali pekee ambapo angeweza kulirekebisha lile alilolisema. Babu angebaki ameambiwa uongo milele. Chapuchapu alitaka kuingia mle ndani kabla ya Jumamosi amalize alichoambiwa. Lakini alipofikiria ile tk, alighairi.

Ijumaa ilikuwa zamu ya desimali. Mwalimu wa hesabu, mama mmoja mrefu aliyezoea kuweka chaki nyuma ya sikio na kuisahau, aliandika ubaoni moja gawa kwa saba, akawaambia wanafunzi waseme wote pamoja naye aandike.

Wakaanza kwa sauti. Kumi gawa kwa saba, moja, baki tatu. Thelathini, nne, baki mbili. Ishirini, mbili, baki sita. Chapuchapu alikuwa anafuata kwa midomo tu. Sitini, nane, baki nne. Hapo akainua kichwa. Arobaini, tano, baki tano. Hamsini, saba, baki moja. Ubaoni, baada ya nukta, palikuwa pameandikwa 142857.

"Baki moja," alisema Mwalimu. "Tumerudi tulikoanza. Tuendelee."

Darasa likaendelea, na tarakimu zile zile zikatoka tena upande wa kulia, moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Halafu tena. Redio aliuliza zinaisha lini. Mwalimu akasema haziishi, hata chaki zote za shule zikiisha. Chapuchapu aliweka kichwa kwenye dawati akaziba masikio.

Mwalimu hakumfokea. Wenzake walipotoka kwenda mapumziko, alimbakisha, akafuta ubao wote akaacha zile tarakimu. Alimwonyesha kwa utaratibu. Ukigawa kwa saba, alisema, baki inaweza kuwa moja, mbili, tatu, nne, tano au sita, na si zaidi. Zote sita zikishapita, lazima moja irudi, na ikirudi moja, yote yaliyoifuata mwanzo yataifuata tena kwa mpangilio ule ule. Hakuna mtu anayezirudisha. Zinarudi kwa kuwa hazina pengine pa kwenda.

Chapuchapu alisikiliza na akaelewa kila neno, na bado hakuthubutu kuutazama ubao. Mwalimu aliliona hilo.

"Namba haijakukosea, mwanangu," alisema. "Ulikutana nayo wapi mara ya kwanza?"

"Nyumbani, Mwalimu."

"Basi nenda ukaitazame huko huko. Hapa ubaoni hutaimaliza."

Mchana ule Chapuchapu hakuvuka barabara. Alisimama mbele ya mlango wa bati, jua likimchoma utosini, akasikiliza. Tk. Kitambo. Tk. Alitamani Redio angekuwa pale aseme upuuzi wowote. Akazunguka nyuma, akapita uani chini ya kamba ya nguo, akafika kwenye mlango mdogo wa mbao. Haukuwa umefungwa. Ulikuwa umerudishwa tu, na mwanga mwembamba ulikuwa umesimama kwenye ufa wake. Akausukuma kwa kidole.

Kwenye kigoda cha Babu aliketi Bibi, amejifunga kanga mabegani, kiatu kimoja kimemtoka mguuni. Alikuwa ametupa mkono mmoja juu ya meza, na kwa kidole cha shahada alilisukuma gurudumu. Likazunguka. Tarakimu nyekundu zikapita. Tk. Bibi alikuwa amefumba macho.

Chapuchapu hakujua kama acheke au alie, na kilichotoka kilikuwa mchanganyiko wa vyote viwili. Bibi alifumbua macho, wala hakushtuka.

"Ingia, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyokuwa akimtania tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa. "Umenifumania na mume wetu."

Alimweleza kwamba kila siku, akishamaliza jikoni, husema anakwenda kujinyoosha kidogo, kumbe huja hapa. Miaka yote ya ndoa yake alipika akisikia sauti hii ukutani. Nyumba ikiwa kimya kabisa, alisema, hata chumvi huipimi vizuri. Kupitia upenyo wa mlango wa bati alikuwa amemwona mjukuu wake akivuka barabara kila mchana, akadhani ni uchungu tu, akamwacha.

"Si uchungu, Bibi," alisema Chapuchapu. "Nilimdanganya Babu."

Na akaeleza yote: kizingiti, penseli, kamba, mbili tu badala ya saba, na ile "Haya, mama. Asante." Alieleza polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa kuwa maneno hayakutaka kukimbia. Alipomaliza, Bibi alivuta kigoda kingine kwa mguu, akamwambia aketi, akamtolea kipande cha chaki kwenye kopo la misumari.

"Meza hii imekwisha andikwa mengi. Andika."

Chapuchapu aliandika juu ya mbao zenye grisi. Kwa mbili, 285,714. Safari hii aliitazama. Kisha akalitazama gurudumu. Mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Zilikuwa zile zile, ila zimeanzia kwenye mbili. Moyo ukamwenda mbio, lakini kwa namna nyingine. Kwa tatu akapata 428,571, akaweka kidole kwenye nne ya rimu, akazunguka nayo yote hadi mwisho. Kwa nne, 571,428. Kwa tano, 714,285. Kwa sita, 857,142. Kila mara zilikuwa tarakimu zile zile sita, hakuna iliyotoka wala iliyoingia, zikifuatana zilivyopangwa na Babu. Kilichobadilika kilikuwa pa kuanzia tu.

Bibi alimwonyesha kitu kingine alichoonyeshwa na mumewe: tarakimu mbili zinazotazamana kwenye rimu hufanya tisa. Moja inatazamana na nane, nne na tano, mbili na saba. Chapuchapu alizijumlisha jozi zote tatu mara mbili, si kwa kuwa hakuamini, bali kwa kuwa ilikuwa tamu.

"Sasa saba," alisema Bibi.

Chapuchapu alishusha pumzi akaanza upande wa kulia. Saba mara saba, tisa, chukua nne. Saba mara tano, na nne, tisa, chukua tatu. Tisa nyingine. Aliendelea huku chaki ikilia kwenye mbao, na kila alipoandika ilikuwa tisa, mpaka zikasimama sita zote: 999,999.

"Bibi," alisema. "Zimekwenda wapi?"

Hapo ndipo Bibi alipocheka, kicheko kidogo cha ndani ya kifua. "Uso huo," alisema. "Uso huo ndio aliokuwa anausubiri."

Chapuchapu alimtazama bila kuelewa. Bibi alivuta kanga, akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ile, Chapuchapu alipotoka kwenda kuruka kamba, Babu alimwita mkewe akamwambia, huyu hajafika saba. Aliyefika saba haingii kwa kutembea, huingia mbio akiuliza. Bibi alitaka kumwita mtoto arudi. Babu akakataa. Alisema tumwache, namba yenyewe itamwita.

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua hata kabla hujafunga mdomo. Mtu aliyesikiliza kombo miaka yote hiyo, atashindwa kuisikia kwako?"

Chapuchapu alilia, na Bibi akamwacha alie mpaka alipojifuta mwenyewe kwa mkono wenye chaki. Kisha akamwambia azidishe tena, kwa nane, maana Babu alikuwa akisema watu wengi huishia saba wakadhani mambo yamekwisha. Chapuchapu akazidisha, akapata 1,142,856. Moja, nne, mbili, nane, tano zilikuwa zimerudi mahali pake. Saba haikuwepo.

"Saba imepotea."

"Itafute."

Aliitafuta kwa kidole juu ya meza. Nyuma kabisa palikuwa na sita. Mbele kabisa palikuwa na moja iliyozidi. Aliweka kidole kimoja huku na kingine kule, akazijumlisha kimoyomoyo.

"Imegawanyika," alisema. "Kidogo iko mbele, kidogo iko nyuma. Ukizirudisha pamoja, namba ni ile ile."

Bibi alilisukuma gurudumu, likazunguka, likasema tk.

"Sasa nisikilize," alisema. "Kuchoka si kosa. Ungemwambia Babu, nimefika mbili nimechoka, nataka kuruka kamba, angecheka, na kesho yake mngeendelea. Kosa lako ni kwamba ulipita penye kombo ukasema limenyooka. Mtu akifanya hivyo, gurudumu halisimami kumsubiri. Linaendelea kuzunguka, na kila likirudi pale pale, linagonga. Utavuka barabara, utaziba masikio, litagonga tu. Dawa yake ni moja: kulisimamisha, kuweka kidole pale penyewe na kusema, ni hapa. Umefanya hivyo leo. Si rahisi, na mimi nimekuona."

Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mkokoteni wake, mtu mcheshi aliyekisifu kila kilichokuwa na kutu ili kipakiwe upesi. Minyororo ikatoka, beseni likatoka, fremu tatu zikatoka. Alipofika mezani alimkuta Chapuchapu amesimama mbele ya ule uma. Baba alimwambia asogee. Chapuchapu hakusogea. Alimweleza baba yake, mbele ya watu, kwamba alimdanganya Babu kuhusu namba hii na kwamba jana ameimaliza, na kwamba anaomba gurudumu libaki. Hakuongeza kitu cha kujipamba. Baba alimtazama, akamtazama Bibi, mama yake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango mdogo, kisha akamwambia mnunuzi kwamba meza hii na kilicho juu yake havimo.

Siku hiyo mchana, gurudumu likiwa limehamishiwa ukumbini karibu na jiko la Bibi, pamoja na meza na uma wake, Chapuchapu alichukua ufunguo wa spoku wa Babu. Alizungusha, akasikiliza, akasimamisha mahali penye tk. Ilikuwa kati ya tano na saba. Alikaza spoku moja robo mzunguko, akalegeza ya jirani yake. Akazungusha. Tk, lakini ndogo zaidi. Hakusema limenyooka. Akakaza kidogo tena, akaweka kidole kwenye tundu la valvu, akasukuma, akangoja lizunguke lote mpaka tundu likarudi kidoleni pake.

Kimya. Tarakimu nyekundu zilipita moja baada ya nyingine bila kugusa kitu.

Yeye na Bibi waliketi wakilitazama. Baada ya muda Chapuchapu alimuuliza Bibi kama sasa ataweza kupima chumvi. Bibi alifikiria, akasema atajaribu, ila kombo ndogo moja isingemuudhi. Basi Chapuchapu akainama, akaurudisha ufunguo robo mzunguko, kwa makusudi na kwa ruhusa, na Bibi akaingia jikoni.

Tk, likasema gurudumu. Ndani kifuniko cha sufuria kikafunuliwa.